Nyoka Anaposhindwa Kujivua Gamba

Ngozi ya binadamu hubanduka kila siku, chembe kwa chembe, bila mwenyewe kuona. Ya nyoka haina desturi hiyo. Tabaka lake lote la nje huachwa kwa mkupuo mmoja, kuanzia midomoni hadi ncha ya mkia, na mambo yakienda sawa hutoka kipande kimoja kizima. Nyoka mchanga, anayekua kwa kasi, hujivua gamba kila baada ya wiki chache. Mkubwa hujivua mara chache tu kwa mwaka. Ukuaji si sababu pekee. Kidonda kinachopona na wadudu wa ngozi huweza kuharakisha zamu ya kujivua, na chatu jike hujivua gamba takriban mwezi mmoja kabla ya kutaga mayai.

Kazi yenyewe huanza kabla mfugaji hajaona chochote. Chini ya tabaka la zamani, seli hujigawa na kujenga tabaka jipya kamili, magamba yake yote yakiwa yamekwisha kupangika. Kwa muda fulani nyoka huwa amevaa ngozi mbili. Ile mpya ikikomaa, majimaji yenye vimeng'enya hupenya katikati ya ngozi hizo na kuzitenganisha. Majimaji hayo ndiyo yanayoleta dalili ambazo kila mfugaji huzijua: rangi hufifia, tumbo hupata wekundu hafifu, na macho huingia ukungu wa rangi ya bluu iliyochanganyika na maziwa. Macho huhusika kwa sababu nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba moja la duara, lililo wazi kama lilivyo, nalo ni sehemu ya ngozi. Ngozi ikibadilishwa, gamba hilo nalo hubadilishwa.

Katika siku hizo za ukungu nyoka haoni vizuri, hujificha, hukataa chakula, na yule aliyekuwa mpole huweza kumvamia anayemgusa. Hapo pana ukweli ndani ya usemi wa wengi kwamba nyoka mwenye gamba bovu ni mkali: si hasira, ni kiumbe asiyeona anayejilinda. Kumshikashika wakati huo hakufai, kwa sababu ngozi mpya bado ni laini na huchubuka upesi. Kisha, baada ya siku tatu au nne hivi, macho hung'aa tena. Mfugaji mgeni hudhani kipindi kimepita bure na gamba halikutoka. La. Ung'avu huo unaonyesha kwamba majimaji yamefyonzwa na matabaka yameachana, na gamba lenyewe hufuata ndani ya siku chache, kwa kawaida pungufu ya wiki moja.

Siku ikifika, nyoka husugua pua na midomo kwenye jiwe, gogo au ukingo wa bakuli hadi ngozi ipasuke kandokando ya mdomo. Huikwamisha mahali, kisha husonga mbele na kuiacha nyuma ikipinduka ndani nje, kama soksi inayovuliwa kuanzia juu. Kazi ya dakika kumi kwa mmoja, ya saa moja na zaidi kwa mwingine. Gamba likiwa bichi huwa laini na lenye unyevu. Likikauka hukatika kwa kuguswa tu. Tena huwa refu kuliko mwenye kuliacha, kwa sababu ngozi iliyokunjwa katikati ya magamba hunyooka inapovutwa. Mwenye nyumba anayekuta gamba juu ya makuti, akalipima kwa hatua zake na kutangaza mtaani kwamba kuna joka la ajabu, amemwongezea mgeni wake urefu ambao hana.

Sasa, kwa nyoka anayefugwa, mambo hayo huweza kwenda kombo. Mnyama anayefaa kuelezea jambo hili ni chatu-mfalme, Python regius, kwa kuwa ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa zaidi katika nyumba za Ulaya na Marekani, na pia ni miongoni mwa wale wanaokwama gamba mara kwa mara. Asili yake ni Afrika, katika ukanda unaoanzia Senegal na kufika kaskazini-magharibi mwa Uganda. Huwa na urefu wa mita moja hadi moja na nusu, hana sumu, na akiogopa hujiviringa na kuficha kichwa katikati ya mwili. Maelfu kwa maelfu wamesafirishwa kutoka Togo, Benin na Ghana kwenda kuuzwa ng'ambo, na biashara hiyo iko chini ya Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe wa porini. Huishi miaka mingi. Mmoja wa bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, alitaga mayai mwaka 2020 akikadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60. Anayenunua chatu huyu akiwa mdogo amenunua kazi ya kuangalia magamba kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

Gamba lililokwama hujionyesha lenyewe. Badala ya kipande kimoja, sakafu ya kizimba huwa na vipande vilivyochanika, na juu ya mwili hubaki mabaka makavu yenye rangi ya karatasi kuukuu, hasa shingoni, mgongoni na mkiani. Mahali pengine ngozi hukaa kama pete kuzunguka mwili. Dalili zisizoonekana kwa haraka ndizo mbaya zaidi: gamba la jicho lililobaki mahali pake, na kipande kidogo kilichobana ncha ya mkia. Kwa sababu hiyo gamba lililovuliwa halitupwi kabla ya kukaguliwa. Hulowekwa kidogo likikauka, hukunjuliwa, na kichwani hutafutwa viduara viwili vilivyo wazi, kimoja kwa kila jicho. Kisha hutazamwa ncha ya mkia kama imetoka nzima. Dakika mbili za ukaguzi huo humwambia mfugaji mengi kuliko kumtazama nyoka mwenyewe kupitia kioo.

Sababu kubwa kuliko zote ni hewa kavu. Majimaji yaliyotenganisha ngozi mbili hayatoshi yenyewe. Ngozi ya nje inahitaji unyevu wa hewa ili ibaki laini na kuvutika. Ikikauka mapema, huganda juu ya ile mpya na kupasuka vipande. Huko kwao, chatu-mfalme hushinda ndani ya mashimo ya panya na vichuguu, ambako hewa ina unyevu hata msimu wa kiangazi. Katika tanki la kioo lenye wavu juu na taa ya joto, hali ni kinyume kabisa: hewa yenye joto hupanda, hutoka wavuni na kuondoka na unyevu wote.

Nchi za baridi zina tatizo la ziada ambalo mtu wa Mombasa au Dar es Salaam hawezi kulikisia. Hewa baridi hubeba mvuke kidogo sana. Hewa ya nje yenye nyuzijoto 0, hata kama imejaa mvuke wote inaoweza kubeba, ikiingizwa nyumbani na kupashwa hadi nyuzi 22, unyevu wake wa kulinganisha hushuka hadi kama asilimia 23. Ndiyo maana katika nyumba ya Toronto au ya Stockholm, wenye nyumba midomo huwapasuka mwezi wa Januari, na chatu wao anachanika gamba. Chatu-mfalme anahitaji asilimia 50 hadi 60 siku za kawaida, na karibu 70 anapokuwa kwenye zamu ya kujivua. Mfugaji asiye na kipima unyevu hubahatisha. Na vipima unyevu vya duara vyenye mshale, vinavyobandikwa kiooni, mara nyingi hudanganya. Vya kidijitali vyenye kihisio kilichowekwa pale nyoka anapolala ndivyo vinavyosema kweli.

Wapo pia nyoka wanaoponzwa na sifa ya ukame. Nyoka mdogo wa mchangani, Eryx colubrinus, ambaye wafugaji wa Ulaya na Marekani humwita kwa jina la Kenya, anatoka katika ardhi kavu za Afrika ya Kaskazini na Mashariki, kuanzia Misri hadi Tanzania. Hutumia muda mwingi akiwa amezama mchangani, macho na pua tu vikichungulia. Wengi wanaomfuga humpa mchanga mkavu na taa kali, basi. Lakini mchanga wa porini si mkavu hadi chini, na nyoka huyu hujichagulia kina kinachomfaa. Akinyimwa uchaguzi huo, hukwama sawa na yule wa msituni. Inafaa kuongeza hapa kwamba walioko ng'ambo wengi wao siku hizi wamezaliwa vizimbani, ilhali Kenya na Tanzania humhesabu nyoka wa porini kuwa mnyamapori chini ya sheria, na kumfuga bila kibali ni kosa.

Baada ya hewa huja upungufu wa maji mwilini. Nyoka asiyekunywa vya kutosha hana majimaji ya kutenganisha ngozi, na ngozi yake hubaki na mikunjo inayoonekana ubavuni hata anapokuwa amenyooka. Joto lisilofaa nalo huvuruga, kwa sababu mwili wa nyoka hufuata joto la mazingira: upande wa moto wa kizimba cha chatu-mfalme huwekwa kwenye nyuzi 31 hadi 33, na upande wa baridi nyuzi 24 hadi 27, naye hutembea baina ya pande hizo apendavyo. Makovu ya kuungua, hasa ya wale waliolalia pedi ya joto isiyo na themostati, hushika gamba pale pale kila zamu. Kizimba kitupu kisicho na kitu kigumu cha kusugulia pua humnyima nyoka mahali pa kuanzia.

Utitiri wa nyoka, Ophionyssus natricis, unastahili kutafutwa kila gamba linapokwama. Ukubwa wake ni kama milimita moja, nao hunyonya damu. Hujificha pembezoni mwa macho, chini ya kidevu na katikati ya magamba, ukionekana kama vitone vyeusi vinavyotembea. Nyoka mwenye utitiri hukaa ndani ya bakuli la maji saa nyingi akijaribu kuuzamisha, na chini ya maji hayo huonekana chembe nyeusi zilizokufa. Maambukizi ya bakteria na ya kuvu hufanya kazi ile ile kwa njia nyingine. Ugonjwa unaoletwa na kuvu iitwayo kitaalamu Ophidiomyces, uliopata kujulikana sana kwa kuwapata nyoka wa porini Marekani, huwafanya wajivue mara nyingi kupita kawaida na kuacha maganda na vidonda usoni. Nyoka ambaye hewa yake iko sawa, anakunywa, anakula, na bado hukwama kila zamu, ana ugonjwa hadi ithibitike vinginevyo.

Msaada ulio bora hutolewa kabla gamba halijakwama, nao hautumii mikono. Macho yakishaingia ukungu, ndani ya kizimba huwekwa boksi la unyevu: chombo cha plastiki chenye mfuniko, ukubwa wa kumtosha nyoka kujikunja ndani yake, kikiwa na tundu moja ubavuni lililolainishwa kingo. Ndani hutandazwa kitu kinachoshika maji bila kuvuja. Maduka ya wanyama ya Ulaya huuza kwa wingi vumbi la makumbi, yaani lile lile ganda la nazi ambalo pwani ya Afrika Mashariki husokotwa kamba, likiwa limekaushwa na kugandamizwa mithili ya tofali. Hulowekwa, hukamuliwa kwa mkono hadi lisitoe tone, kisha hutandazwa. Karatasi za jikoni zilizoloweshwa hufaa pia, ila hubadilishwa kila siku. Boksi hukaa upande wenye uvuguvugu. Nyoka huingia na kutoka atakavyo, na uhuru huo ndio unaolipa boksi ubora wake: anayejua kiasi cha unyevu anachokihitaji ni yeye.

Kizimba chenyewe huongezewa unyevu kwa bakuli kubwa zaidi la maji, kwa kuziba sehemu ya wavu wa juu, na kwa matandiko yanayohifadhi maji chini huku juu yakibaki makavu. Hapa wengi hukosea kwa kupita kiasi. Hewa yenye unyevu si sawa na sakafu iliyolowa. Nyoka anayelazwa juu ya matandiko ya majimaji siku nyingi hutokwa malengelenge tumboni, magamba ya tumbo huoza, na mapafu huweza kushikwa na maambukizi. Kunyunyiza maji mara tano kwa siku ndani ya tanki lisilopitisha hewa ni kubadilisha tatizo moja kwa jingine lililo kubwa zaidi. Vivyo hivyo, kumwogesha nyoka ambaye bado yumo kwenye ukungu hakuharakishi kitu. Ngozi zake hazijaachana, na maji hayawezi kuziachanisha kabla ya wakati.

Mikono huja baadaye, pale nyoka alipokwisha kujivua nusu na kubaki na vipande, na saa 24 ndani ya boksi la unyevu hazikusaidia. Hapo huandaliwa maji ya vuguvugu ya nyuzi 28 hadi 30. Hupimwa kwa kipimajoto. Maji ambayo mkono wa mtu huyaona ya uvuguvugu mzuri mara nyingi yameshapita joto linalomfaa nyoka. Kina chake hakizidi nusu ya unene wa mwili, ili nyoka asilazimike kuogelea wala kushikilia kichwa juu kwa nguvu. Chombo huwa na mfuniko wenye matundu, na mtu hukaa karibu. Nyoka waliochoka huzama, tena katika maji ya kina kidogo. Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Akijisaidia majini, na wengi hufanya hivyo, maji hubadilishwa.

Kutoka majini nyoka hupitishwa ndani ya taulo iliyoloweshwa na kukamuliwa. Taulo hushikwa kwa mkono uliolegea, naye huachwa asonge mwenyewe, kichwa mbele, huku kitambaa kikisugua ubavu na mgongo. Anayefanya kazi ni nyoka. Mkono wa mfugaji humpa tu kile ambacho porini angepewa na mizizi na mawe. Kipande kilichoinuka chenyewe huweza kuviringwa polepole kwa ncha ya kidole kilicholowa, kwa mwelekeo wa kichwani kwenda mkiani, kwa sababu magamba yamelala upande huo. Anayekwenda kinyume huyainua na kuyaumiza. Kipande kisichotoka kwa kusukumwa kidogo huachwa. Kukivuta kikiwa kikavu ni kuchuna ngozi mpya iliyoshikana nacho, na jeraha la namna hiyo huacha kovu litakaloshika gamba zamu ijayo, na ijayo tena. Zoezi lote hurudiwa kesho yake, hata keshokutwa. Nyoka hapungukiwi kitu kwa kukaa siku mbili na kiraka mgongoni.

Chatu ana jambo lake la pekee hapo midomoni. Kwenye ukingo wa mdomo wa juu ana vijishimo vinavyohisi joto la windo, na ngozi kuukuu huweza kubaki imeziba ndani yake. Kijiti cha pamba kilichochovywa maji ya uvuguvugu, kikipitishwa kwa wepesi, hutosha. Sindano, kucha na vibanio havina kazi mahali hapo.

Jicho ndipo pahitajipo subira kubwa kuliko pote, na ndipo wafugaji wengi walipowapofusha wanyama wao kwa nia njema. Gamba la jicho lililobaki hulifanya jicho lionekane kavu, lisilo na mng'aro, wakati mwingine likiwa na mikunjo au ukingo mdogo ulioinuka. Kwanza lazima ihakikishwe kwamba ni gamba kweli. Jicho lililobonyea kidogo, lakini wazi na linalong'aa, huwa la nyoka aliyepungukiwa maji au anayekaa kwenye hewa kavu, na hurudi umbo lake hali ikirekebishwa. Jicho lililovimba kuelekea nje ni kisa kingine kabisa: huenda mfereji unaopeleka machozi mdomoni umeziba, na majimaji au usaha umejaa chini ya gamba. Visa hivyo viwili havina cha kubanduliwa. Anayebandua katika hali hiyo hung'oa gamba la jicho lililo hai, na chini yake hakuna kope wala kinga nyingine. Konea hukauka, huambukizwa, na jicho hupotea.

Ikithibitika kwamba gamba la zamani limebaki, dawa ni boksi la unyevu kwa siku kadhaa, na tone la machozi bandia yasiyo na dawa ndani yake, mara chache kwa siku, ili kulilainisha. Likilegea, hutoka nyoka anapojisugua, au kwa kijiti cha pamba kilicholowa kinachopitishwa kutoka ukingoni kuelekea katikati bila kukandamiza. Lisipolegea, huachwa hadi zamu ijayo, hewa ikiwa imetengenezwa sawasawa, na mara nyingi hutoka pamoja na gamba jipya. Ushauri unaosambaa wa kutumia utepe wa gundi kulinasua, au kibanio cha nyusi, haufai kufuatwa hata na mwenye mkono mwepesi. Lakini kungoja nako kuna mpaka. Magamba mawili au matatu yakilundikana juu ya jicho moja, nyoka haoni, huweza kuacha kula, na uchafu uliofungiwa chini huzaa maambukizi. Zamu ya pili ikipita bila mafanikio, kazi ni ya daktari.

Mkia ni mdogo na husahaulika. Pete ya ngozi kavu iliyobaki kwenye ncha hunywea kadiri inavyozidi kukauka na kuibana mishipa ya damu. Zamu ya kwanza huenda isionyeshe kitu. Ya pili pete huwa nene. Baada ya hapo ncha hubadilika rangi, huwa nyeusi na ngumu, na nyama iliyokwisha kufa hairudi. Kwa hiyo pete ya mkiani haingojewi kama gamba la jicho: hulowekwa siku hiyo hiyo, hukunjuliwa kwa vidole vilivyolowa kuelekea nchani, na hurudiwa kila siku hadi itoke. Jike au dume, ukaguzi ni ule ule. Kwa dume mfugaji mwangalifu hutazama pia nyuma ya tundu la haja, ambako ngozi hupenda kujikusanya.

Mafuta ya kupikia, mafuta ya nazi, losheni na vaselini hutajwa sana kama dawa za gamba. Kilichopungua kwenye ngozi hiyo ni maji, na mafuta hayana maji ya kutoa. Huacha utando unaonasa vumbi na matandiko katikati ya magamba. Vipulizo vinavyouzwa madukani kwa jina la visaidizi vya kujivua, sehemu yake kubwa ni maji, na maji ya bomba ni rahisi zaidi.

Taratibu hizi zote za mkono ni za nyoka wasio na sumu. Katika vituo vya nyoka kama Bio-Ken cha Watamu, au bustani ya nyoka ya Meserani karibu na Arusha, wanaokaa humo ni pamoja na moma, swila na koboko, nao hawapitishwi ndani ya taulo. Nyoka wa namna hiyo hutegemea kizimba kilichopangwa vema tangu awali: unyevu wa kutosha, jiwe la kusugulia, maji safi. Ikilazimu kumgusa, hushikwa na watu wenye mafunzo na vifaa, wala si jambo la mfugaji wa nyumbani kuliiga.

Kwa daktari wa wanyama hupelekwa nyoka mwenye jicho lililovimba au lenye usaha, ncha ya mkia iliyobadilika rangi, malengelenge, vidonda chini ya gamba lililokwama, au anayepumua kwa mlio huku mate yakimtoka. Hupelekwa pia yule aliyekwama zamu mbili mfululizo ingawa kipima unyevu kinasoma vizuri. Daktari mwenye uzoefu wa reptilia huliondoa gamba la jicho akitumia kioo cha kukuza na kifaa butu baada ya kulilainisha, na nyoka asiyetulia hupewa dawa ya usingizi. Huchukua sampuli ya ngozi kutafuta utitiri na kuvu, humwongezea maji kwa sindano aliyekauka, na ncha ya mkia iliyokufa huikata juu kidogo ya mpaka wa nyama iliyo hai. Mfugaji humrahisishia kazi akienda na vile vipande vya gamba ndani ya mfuko, pamoja na vipimo vya joto na unyevu vya wiki iliyopita.

Gamba likishatoka, matandiko hubadilishwa, maana nyoka wengi hujisaidia kwa wingi mara baada ya kujivua, na boksi la unyevu huondolewa likaoshwe. Maji safi huwekwa mapema kwa sababu wengine hunywa sana saa hizo. Chakula hungoja siku moja au mbili, ngozi mpya ikaze, na nyoka aliyekataa kula tangu ukungu ulipoingia kwa kawaida hupokea bila kubembelezwa. Kwenye daftari huandikwa tarehe, kama gamba lilitoka zima au vipande, na kiwango cha unyevu cha siku hiyo, na kama gamba la jicho limebaki, hutiwa alama humo ili litazamwe macho yatakapoingia ukungu tena.